Jinsi ya Kuidanganya Deki ya Marekani

Una harusi ya saa tatu iliyopigwa Rulenge, na una shangazi Marekani anayeisubiri. Diski umeshamtumia. Ameitia kwenye deki yake, deki ikazunguka kidogo, kisha ikamwandikia kwamba haiijui diski hiyo. Sasa anataka maelezo, na fundi aliyeichoma anaapa kwamba dukani kwake ilicheza vizuri.

Fundi hasemi uongo. Dukani kwake ilicheza kwa sababu dukani kwake ni Tanzania, na Tanzania tunatazama kwa mfumo wa picha wa PAL. Shangazi anatazama kwa NTSC. Deki yake imepokea kitu kisichoingia kwenye hesabu zake.

Njia ndefu ya kurekebisha jambo hili ipo. Vituo vikubwa vya televisheni vina mashine za gharama kubwa za kugeuza picha kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, kazi ikatoka safi. Wewe huna mashine hiyo. Una kompyuta ya mezani, umeme unaokatika na siku chache kabla padre atakayempelekea diski nyingine hajapanda ndege. Kwa hiyo tutakwenda kwa mkato, na pale itakapobidi tutachakachua. Nitakuonyesha pa kuchakachua ambapo hakuna jicho litakaloona, kwa kuwa namjua mtazamaji wako. Akiona video ya harusi, kitu cha kwanza anachofanya ni kujitafuta mwenyewe. Cha pili, anatafuta nani alikaa meza kuu.

Hatua ya kwanza: mjue unayemdanganya

PAL inachora picha kwa mistari 625 na kuonyesha fremu 25 kwa sekunde. NTSC inachora kwa mistari 525 na kuonyesha fremu karibu 30. Chanzo ni umeme. Televisheni za mwanzo zilifungwa kwenye mwendo wa umeme wa nchi: wetu na wa Ulaya unazunguka mara 50 kwa sekunde, wa Marekani mara 60. Gawanya kwa mbili, unapata 25 na 30. Wamarekani walipoongeza rangi mwaka 1953 walilazimika kupunguza mwendo kwa sehemu moja ya elfu ili rangi isigombane na sauti, ndiyo maana leo programu yako inaandika 29.97 badala ya 30 kamili. Usiikate hiyo desimali. Ukiandika 30 pale programu inapotaka 29.97, mwisho wa misa midomo ya kwaya itakuwa imeachana na wimbo.

PAL alikuja nayo Mjerumani, Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, aliyeionyesha mwaka 1963, na matangazo yake yakaanza Ujerumani na Uingereza mwaka 1967. Zanzibar ikaichukua mapema: televisheni yake ya rangi ilianza mwaka 1973, wakati Bara tulisubiri hadi 1994 ndipo vituo binafsi vikaanza kurusha. Wafaransa walitengeneza mfumo wa tatu, SECAM, wakaupeleka na kwa jirani zetu wa Burundi na Kongo.

Kwenye DVD tofauti hiyo imebaki kwa sura mbili. Diski ya PAL ina picha ya mistari 576, ya NTSC ina 480. Na mwendo ni 25 dhidi ya 29.97. Mistari ni rahisi, unapunguza moja ya sita na hakuna atakayelalamika. Mwendo ndio utakaokutoa jasho.

Hatua ya pili: usifanye kazi isiyotakiwa

Huu ndio mkato mkubwa kuliko yote, na mafundi wengi hawaupendi kwa kuwa hauna malipo. Kabla hujawasha kompyuta, uliza diski inakwenda wapi.

Inakwenda Ujerumani kwa wafadhili wa parokia? Ni PAL, itume ilivyo. Uingereza? PAL. Muscat kwa binamu? PAL. Nairobi, Kampala? PAL. Bujumbura? Hata huko itume ilivyo, kwa sababu nchi za SECAM zinatumia DVD ya mistari ileile na mwendo uleule wa PAL, na deki ndiyo inayotoa rangi kwa namna ya kwao. Wa kuhangaikia ni wa Marekani, Kanada na Japani.

Na ikiwa diski inatoka Marekani kuja Rulenge, kaa chini unywe chai. Deki nyingi za Kichina zilizojaa maduka ya Ngara na Biharamulo zinameza mifumo yote miwili, na tivii zetu nyingi pia. Ndiyo maana vibanda umiza vilionyesha kila aina ya diski zilizopita sokoni, na wateja hawakujua kama kulikuwa na suala. Picha ikija bila rangi au ikapandapanda, tafuta kwenye rimoti kitufe kilichoandikwa P/N au PAL/NTSC, kibonyeze hadi itulie. Mara nyingi dawa ni hiyo tu.

Tahadhari moja ya kweli: ndugu akikuletea deki yenyewe kutoka Marekani, igeuze usome nyuma kabla hujaichomeka. Ikiandikwa 100–240V ni salama. Ikiandikwa 120V peke yake, umeme wetu wa 230 utaiua papo hapo, na harufu yake itakaa sebuleni.

Kuna pia biashara ya ukanda. Diski za filamu za kampuni kubwa zina namba ya ukanda: Marekani na Kanada ni 1, sisi tuko 5. Mtu atakuambia lazima alipwe ili akuondolee ukanda kwenye video ya harusi yako. Diski uliyochoma mwenyewe haina ukanda wowote. Mshukuru, rudisha pesa mfukoni.

Kwa nini jambo hili linaisumbua Rulenge kuliko miji mingi ya ukubwa wake

Rulenge iko katika wilaya ya Ngara, inayopakana na Rwanda na Burundi, na historia imewatawanya watu wake na wageni wake mbali sana. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24, na Benaco ikawa mji wa mahema. Warundi waliishi katika kambi ya Lukole kwa miaka mingi. Mwaka 2007 Marekani ilianza kuwachukua maelfu ya Warundi waliokimbia mwaka 1972 na waliokuwa katika kambi za Tanzania, ikawapangia miji wasiyowahi kuisikia. Wengine wako Kanada. Humohumo kuna mapadre na masista wa jimbo, ambalo tangu 2008 linaitwa Rulenge-Ngara, wanaosoma au kuhudumu ng'ambo ya bahari.

Watu hao wameacha huku waliooa kwao, waliowabatizia watoto, waliozika nao. Kwa hiyo daraja la upadre likitolewa, nadhiri zikifungwa, mtoto wa jirani wa zamani akioa, lazima diski iende. Anayeisubiri amekaa miaka mingi bila kuona kilima cha kwao kikitikisika kwenye skrini. Ninaposema chakachua, simaanishi umletee uchafu. Namaanisha okoa muda wako mahali pasipoonekana, uutumie wote mahali anapotazama yeye.

Hatua ya tatu: danganya tangu kwenye kamera

Kama harusi bado haijafika, una bahati. Fungua menyu ya kamera, utakuta mahali pa kuchagua PAL au NTSC. Kamera nyingi za siku hizi zina vyote viwili. Kama watazamaji muhimu wako Marekani, piga kwa NTSC moja kwa moja, na nusu ya mwongozo huu hutauhitaji. Nyumbani hakuna atakayegundua, kwa sababu deki za hapa, kama nilivyosema, zinameza zote.

Lakini kuna mtego ukumbini. Taa za tyubu zinapepesa mara 100 kwa sekunde kwa kufuata umeme wetu, na kamera iliyokaa kwenye mwendo wa Kimarekani itazikamata zikipepesa. Utapata ukuta unaowaka na kufifia kama unapumua. Weka shata kwenye 1/50 au 1/100, mawimbi yataisha. Kama ukumbi unaendeshwa kwa jenereta, simama karibu na MC umwombe muziki usipandishwe ghafla: jenereta ikizidiwa mzigo mizunguko yake inashuka, na hakuna shata itakayokuokoa. Hapo zima tyubu upande wa meza kuu, washa taa yako ya kamera inayotumia betri. Maharusi watang'aa, wazee watadhani ulipanga hivyo.

Na video za simu? Simu karibu zote hurekodi fremu 30 kwa sekunde, popote duniani zinapouzwa. Maana yake, klipu aliyopiga mdogo wake bibi harusi kwa simu, akiwa nyuma ya kichwa cha mtu, tayari iko karibu kabisa na NTSC. Kosa la fundi ni kuiingiza kwenye kazi ya PAL, ikapoteza fremu tano kila sekunde, kisha kuirudisha NTSC kwa kubuni tano nyingine. Ameiumiza mara mbili ili ifike ilikoanzia. Video ya simu iendayo Marekani ihariri kwenye mradi wa 29.97 tangu mwanzo.

Hatua ya nne: chagua uongo wako

Harusi imeshapigwa kwa PAL. Una fremu 25 na deki inataka karibu 30. Fremu tano za kila sekunde zitatoka wapi? Kuna njia nne za kuzizua. Mbili ni za kuaibisha.

Ya kwanza ni kurudia. Programu inachukua kila fremu ya tano na kuionyesha mara mbili. Hivi ndivyo zinavyofanya programu za bure ukiziachia zenyewe: DVD Flick ukichagua NTSC, au FFmpeg ukiipa ile amri fupi ya ntsc-dvd. Ni haraka, unaweza kuiacha ikifanya kazi usiku ukalala. Matokeo yake ni kigugumizi, mara tano kila sekunde. Mtu akiwa amesimama akisoma risala, hakuna anayekiona. Bibi harusi akiingia polepole na kamera ikimfuata, kila mtu anakiona. Tumia njia hii kwa hotuba. Zipo nyingi, na hakuna anayezitazama hadi mwisho isipokuwa aliyezitoa.

Ya pili ni kuchanganya: fremu mbili jirani zinayeyushwa kuwa moja. Kigugumizi kinapungua, lakini kila mkono unaosogea unaacha mkono wa pili unaofifia nyuma yake. Wacheza ngoma wanaonekana wana mikono minne. Siipendi. Ukiitumia, itumie usiku, kwenye mwanga mdogo, muziki ukiwa juu.

Ya tatu naipenda kwa moyo wote, kwa kuwa Hollywood nao wanaitegemea. Filamu za sinema hupigwa kwa fremu 24. Ili zionyeshwe kwenye PAL, kwa miaka mingi walizikimbiza tu hadi 25. Filamu ya saa mbili ikaisha kwa dakika 115. Ulaya yote, na sisi pia, tulitazama waigizaji wakitembea haraka kuliko walivyotembea kweli, tukalia na kucheka mahali palepale. Wewe fanya kinyume chake. Punguza mwendo wa harusi yako kutoka 25 hadi 23.976. Hakuna fremu inayoongezwa, hakuna inayoyeyushwa, kila picha inabaki nzima kama ilivyopigwa. Kisha pitisha faili kwenye DGPulldown, programu ndogo ya bure inayoandika alama ndani ya video, ili deki ya Marekani yenyewe irudie picha kwa mpangilio wa mbili-tatu, mbili-tatu. Deki zote za huko zimezaliwa zikijua kucheza hivyo, maana ndivyo zinavyoonyesha filamu zao.

Harusi ya saa tatu itarefuka kwa dakika karibu nane. Kila mtu atatembea kwa madaha zaidi ya asilimia nne. Sijapata kuona harusi iliyoharibiwa na madaha. Bwana harusi aliyekuwa na haraka ya woga ataonekana mtulivu, na mama mkwe ataingia ukumbini kama malkia.

Kabla ya hapo, kuna jambo la kufanya na ukiliruka yote yanaharibika. Kamera za kanda, na nyingi za kadi za zamani, hazikupiga fremu nzima kwa mara moja. Zilichukua mistari ya namba witiri, kisha ya namba shufwa, nusu kwa nusu, mara 50 kwa sekunde. Ukipunguza mistari kutoka 576 hadi 480 kabla ya kuzitenganisha nusu hizo, zinachanganyikana na kila ukingo unaotembea unatoka na meno ya kitana. Tenganisha kwanza. Chujio linaloitwa yadif linafanya kazi hiyo vizuri, na limo ndani ya programu nyingi za bure. Kisha punguza ukubwa. Kisha badili mwendo. Ukigeuza mpangilio huu, utarudi mwanzo usiku wa manane.

Ya nne ni kuitaka kompyuta ibuni fremu mpya kwa kukisia kila kitu kilikuwa kinaelekea wapi. Ikifaulu ni nzuri ajabu. Ikikosea, keki inayeyuka na kisu kinapita ndani ya mkono. Kwa kompyuta ya kawaida, harusi nzima inaweza kuchukua siku, na wewe huna umeme wa siku nzima usiokatika. Itumie kwa dakika mbili tu: kuingia kwa maharusi. Hapo ndipo kigugumizi kinapouma zaidi, na hapo ndipo kila mtu ametulia anatazama.

Hatua ya tano: usimdanganye mwanakwaya

Ukipunguza mwendo wa picha, sauti nayo lazima irefuke, na sauti iliyopunguzwa mwendo inazama chini kwa karibu robo tatu ya nusu-toni. Mzee akitoa nasaha ataonekana ana sauti nzito ya busara, na hatalalamika. Kwaya italalamika. Mwimbaji wa sauti ya kwanza anajua alipiga noti gani, na akijisikia ameshuka atakupigia simu kutoka bara lingine.

Kwenye Audacity kuna amri mbili zinazofanana sura. Moja inabadili kasi na kina cha sauti kwa pamoja, hiyo iache. Nyingine inabadili mwendo tu, kina kinabaki palepale. Hiyo ndiyo yako. Ipe namba ya kupunguza asilimia 4.096. Sikiliza wimbo wa kuingilia na wa komunyo, hasa kinanda kinapokaa kwenye noti ndefu. Kikitetemeka, jaribu tena kwa ubora wa juu zaidi.

Halafu liko jambo lililowafedhehesha mafundi wengi: diski inacheza vizuri, picha nzuri, Marekani hakuna sauti. Deki za PAL zinatakiwa kuelewa sauti ya aina ya MP2, na programu nyingi za kwetu huitumia bila kuuliza. Deki za NTSC hazilazimiki kuielewa. Diski ya NTSC iwe na AC-3 au PCM, kwa sampuli 48,000 kwa sekunde. Ukiona MP2 kwenye mipangilio yako, ibadili sasa hivi.

Hatua ya sita: kata mahali penye uongo

Sasa una picha. Itazame yote mara moja, na usijitafute mwenyewe. Kila mahali kamera inapoelea polepole kutoka kushoto kwenda kulia, hasa kwenye umati wa kanisani, utaona picha ikisita. Usihangaike kuirekebisha. Kata sekunde hizo, weka badala yake uso wa mtu uliotulia. Umeondoa kasoro na umemtia mtu mwingine kwenye video, na mtu huyo na ukoo wake wote watakuwa mashahidi wako kwamba kazi ni nzuri.

Ngoma usiiguse. Miguu ya wachezaji inakwenda haraka, vumbi linapanda, jicho linakosa nafasi ya kuhesabu fremu. Acha ngoma ndefu kuliko unavyodhani inatosha, na ukikuta kasoro humo, iache humohumo.

Usisahau picha za nje. Yule aliyeondoka akiwa kijana hatakumbuka suti za kamati, lakini atasimamisha diski kwenye migomba nyuma ya nyumba, kwenye barabara inayopanda kanisani, kwenye ng'ombe waliopita nyuma ya maharusi wakati wa kupiga picha. Mhariri wa mjini angewakata ng'ombe hao. Waache. Kama una dakika moja ya soko, ya stendi, ya mlima ukiwa na ukungu, iweke mwanzoni kabla ya jina la bwana harusi. Hiyo usiichakachue hata kidogo: ipitishe njia ya tatu, kwa ubora wa juu.

Na weka picha ya shangazi mwenyewe, ile ya zamani iliyoko ukutani kwa bibi, kwenye ukurasa wa kwanza wa diski pale kwenye menyu. Atakusamehe mistari 96 uliyompunguzia.

Hatua ya saba: chagua diski mbili

Diski ya kawaida ina nafasi ya gigabaiti 4.7. Ukilazimisha harusi ya saa tatu na dakika zake nane iingie humo, programu itabana picha hadi nyuso zigeuke vigae kila mtu anapocheka. Watu hudhani ni ubaya wa kukonveti, kumbe ni ubahili. Gawa: diski ya kanisa na diski ya ukumbi. Gharama ya diski ya pili ni ndogo, na anayezipokea anaona amethaminiwa.

Zichome kwa kasi ndogo kuliko ile kubwa inayotangazwa kwenye boksi. Usibandike karatasi juu. Gundi ikijikunja diski inayumba na deki inakwama katikati. Andika kwa kalamu laini ya diski, na uandike NTSC kwa herufi kubwa. Nakala yako ya PAL, ile faili ya kwanza kutoka kwenye kamera, iweke mahali pawili tofauti, usiifute hata fundi akikuomba nafasi. Siku diski zote zitakapokuwa hazina deki ya kuzichezea, faili hiyo ndiyo itakayogeuzwa kuwa chochote kinachotakiwa wakati huo.

Usikubali pia ujanja wa kubadili kibandiko. Zipo programu zinazoandika ndani ya faili ya PAL kwamba hii ni NTSC bila kugusa picha yenyewe. Zinachukua sekunde chache na zinampa fundi raha kubwa. Deki moja moja itakubali, nyingi zitaonyesha picha iliyokatwa chini au inayoruka. Ni uongo usiojua hesabu.

Hatua ya nane: shindwa kwa heshima

Inawezekana umefanya yote na bado deki ya huko ikagoma. Jiandae kabla. Kwenye bahasha ileile tia flashi yenye harusi nzima kama faili ya MP4, kwa mwendo wake wa asili wa 25, bila kukonveti chochote. Kompyuta haijali PAL wala NTSC, na programu ya VLC ni ya bure na inacheza karibu kila kitu. Tivii za Marekani zenye tundu la flashi ni za bahati: nyingine zinakubali fremu 25, nyingine zinakataa. Mwambie aanze na kompyuta ya mtoto.

Diski zikishafika, panga muda wa simu. Saa mbili usiku Rulenge ni saa saba mchana New York wakati wao wa kiangazi, na saa sita mchana wakati wa baridi. Katikati ya nchi wako nyuma zaidi ya hapo. Mpigie akiwa ameshika rimoti. Muulize anaona nini, si kama inafanya kazi. Akisema nyeusi, aende kwenye flashi. Akisema picha ipo sauti hakuna, kosa ni lako la hatua ya tano, mwahidi nyingine. Akinyamaza muda mrefu na ukasikia kwaya nyuma yake, na wewe nyamaza.

Baadaye ataomba nakala za ndugu walioko miji mingine ya huko. Usichome wala usitume tena. Diski yako sasa ni ya kwao na haina kinga. Kijana yeyote mwenye kompyuta atainakili hapohapo.